Breki ya Fundi wa Kusuka Mota

Tarime mjini, mota za pampu na za mashine za kusaga hufika kwa fundi zikiwa zimeungua. Kuzisuka upya ni kazi ya vidole. Vidole ndivyo hubana waya wa shaba kwa kitambaa wakati koili inazungushwa. Waya ukivutwa mno unakonda na vanishi yake inapasuka; ukilegea, koili inavimba na kukataa kuingia kwenye mifereji ya stata. Fundi niliyemtazama, kazi hiyo ya kubana ameipa mota ndogo ya hatua, aliyoitoa kwenye printa mbovu.

Nyaya zake zilikuwa nne, na kwanza alizitafutia jozi. Akazungusha shafti kwa vidole viwili. Ikaenda kwa kusitasita, maana mota za aina hii kwa kawaida hugawa mzunguko mmoja katika hatua 200. Akagusanisha nyaya mbili, akazungusha tena. Wapi. Akabadilisha waya mmoja, shafti ikawa nzito papo hapo: jozi imepatikana, na multimita bado iko mezani. Sumaku ya ndani ikizunguka huzalisha umeme kwenye koili, na umeme huo ukipewa njia ya kupita, huipinga shafti ileile iliyouzalisha.

Akalehemu dayodi nane, nne kwa kila jozi, akivuta kila kiungo kidogo kabla ya kwenda kingine. Mwisho wa njia hiyo ya umeme akafunga rizista moja ya kuzungusha, ile nene ya waya inayostahimili joto.

Ustadi wake niliuona hasa kwenye puli. Angeweza kuifunga mota moja kwa moja kwenye roli la waya, lakini roli linalovutwa kwa mkono huenda polepole, na volti chache ambazo mota ingetoa zingeishia kwenye dayodi. Kwa hiyo akaweka puli kubwa kwenye roli, ndogo kwenye mota, na kati yake mkanda wa meno wa printa hiyohiyo. Sasa roli likienda mara moja, mota huzunguka mara kadhaa, na breki inashika.

Akavuta waya. Akageuza rizista kidogo, akavuta tena. Akasuka mizunguko michache ya majaribio, akaikata, akaupima waya kwa maikrometa: unene uleule. Ndipo akafunga kalibu na kuanza koili yenyewe.

Mteja alipoingia na maswali yake, fundi aliacha kipini cha kuzungushia koili katikati ya kazi. Roli la kawaida lingeendelea kuzunguka na kumwaga waya. Hili lilisimama palepale, likizuiwa na sumaku ya mota, waya ukiwa umenyooka. Alijibu yote bila haraka, akaendelea na hesabu ya mizunguko pale alipoishia.

Koili za kuendeshea ziliingia kwenye stata kwa kusukumwa na kipande cha mwanzi, bila kugongwa. Kisha akalegeza breki. Zilibaki koili za kuanzia, ambazo waya wake ni mwembamba zaidi.