Malisho ya Hardin na Malisho ya Bura

Katika mwezi wa Desemba mwaka wa 1968, jarida la Science la Marekani lilichapa makala mafupi ya Garrett Hardin, mwalimu wa elimu ya viumbe huko California. Aliyaita The Tragedy of the Commons, yaani msiba wa mali ya pamoja. Ukiendelea na masomo ya jiografia au ya uchumi, msomaji, hutakosa kukutana nayo, na pengine utaambiwa kwamba yaeleza kwa nini nchi kavu kama yetu hii ya Garissa na Tana imekonda. Kwa hiyo yafaa uyapime kabla ya kuyameza. Mizani nitakayotumia ni Bura.

Hoja ya Hardin ni hii. Fikiri malisho ambayo kila mchungaji ana ruhusa ya kuyatumia. Mchungaji mmoja ajiuliza: nikiongeza ng'ombe mmoja, nitapata nini? Maziwa, ndama na bei ya ng'ombe huyo ni vyake peke yake. Bali hasara ya nyasi zitakazoliwa yagawanyika kwa wachungaji wote, naye aonja sehemu ndogo tu. Akili yamwambia aongeze. Ataongeza wa pili na wa tatu. Na kwa kuwa wenzake nao wana akili, wataongeza vile vile, hata malisho yawe vumbi. Hamna mwovu katika kisa hiki, na hapo ndipo penye nguvu yake. Hardin hakulibuni wazo lenyewe, maana William Forster Lloyd alikuwa amekwisha kulieleza huko Uingereza mwaka wa 1833. Tena nia yake kubwa ilikuwa kusema juu ya wingi wa uzazi wa wanadamu. Lakini wasomaji wake walishika malisho, nami nitashika hayo hayo. Dawa zake ni mbili hasa: ardhi igawanywe iwe mali ya mtu binafsi, au Serikali iishike na kuilinda kwa amri.

Sasa njoo Bura. Jina hili lipo ng'ambo zote mbili za Mto Tana, upande wa magharibi katika Kaunti ya Tana River, na upande wa mashariki katika Kaunti ya Garissa. Mvua haifiki milimita 500 kwa mwaka, tena haina ahadi: yaweza kunyesha hapa ikaruka pale, na mwaka mwingine isionekane kabisa. Katika nchi ya namna hii nyasi hazingoji mtu, mtu huzifuata. Wafugaji wa Kiorma na wa Kisomali huwaondoa ng'ombe mtoni wakati wa mvua na kuwapeleka mbali, penye nyasi changa na maji ya madimbwi. Madimbwi yakikauka, hurudi mtoni. Kwa hiyo nyasi za karibu na mto hupata kupumzika majira mazima. Njia za kuwafikishia wanyama maji, ziitwazo malka, hupita kati ya mashamba ya Wapokomo, na kwa desturi mgeni hakuziingia kama mtu aingiavyo sokoni. Aliomba. Waorma wana baraza la wazee liitwalo matadeda, Wapokomo wana gasa yao, na mabaraza hayo ndiyo yaliyoamua nani apite wapi na lini, na aliyevunja desturi atozwe nini.

Wachungaji wa Hardin, kinyume cha hao, hawasemezani. Hawana wazee, hawana wakwe, wala hawaoni haya. Kila mmoja apiga hesabu yake kimya kimya kama mtu aliye peke yake duniani. Hapa ndipo ninapomlaumu mwandishi: alichukua mali isiyo na mwenyewe akaiita mali ya pamoja, ilhali hizo ni mbili mbalimbali. Kisima cha msikiti si cha mtu mmoja, lakini jaribu kumwogeshea punda wako hapo uone.

Dawa zake je? Dawa ya Serikali ilipata kujaribiwa Bura hasa, tena kwa fedha nyingi. Mwaka wa 1977 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha Kenya fedha za mradi mkubwa wa kilimo cha kumwagilia maji upande wa magharibi wa mto. Ilikusudiwa kulima hekta 6,700 za pamba na mahindi, na kukalisha familia zaidi ya 5,000 kutoka sehemu zote za nchi. Familia za kwanza zilifika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Gharama zikapanda mno, na eneo likapunguzwa hata likabaki hekta 2,500 hivi. Maji yaliyotazamiwa kushuka yenyewe kwa mfereji ikabidi yapandishwe kwa pampu za dizeli, na pampu zikiharibika, shamba na jiko hukaa makavu pamoja. Kufikia mwisho wa miaka hiyo ya 1980 mradi ulikuwa umelala, ingawa baadaye Serikali iliufufua.

Lakini si hesabu ya pamba ninayoitaka, bali hesabu ya kuni. Maelfu ya watu walioletwa mahali pakavu hupika kila siku, na chakula hakiivi kwa ramani. Msitu wa Tana ni ukanda mwembamba unaoufuata mto. Kusini zaidi ndimo wakaamo kima wa aina mbili wasiopatikana pengine popote duniani. Ili kuuponya msitu huo na mashoka, ikaamriwa kupanda miti ya kuni, na mmojawapo ulikuwa mathenge, mti wenye miiba uliotoka Amerika. Walioupanda Bura na Hola hawakuwa wajinga. Huota pale ambapo mingine hufa, na kwa miaka michache humpa mtu kuni nzuri. Ila mifugo hula maganda yake matamu na kuzitawanya mbegu kwa mavi, na mafuriko huzibeba zaidi. Mathenge ukatoka shambani ulimopandwa, ukashika kingo za mto, ukaziba mifereji na malka. Mwaka wa 2008 Serikali ya Kenya iliutangaza kuwa gugu baya.

Angalia vema, msomaji. Katika jambo hili hapakuwa na malisho yaliyoachwa wazi. Palikuwa na mwenye mali mmoja, mwenye wahandisi, amri na fedha, yaani yule yule ambaye Hardin alitutaka tumkabidhi ardhi.

Dawa ya pili, ya kugawa ardhi kwa hati, nitaipita upesi. Mwaka wa 2001 Wapokomo na Waorma waliuana, na upimaji wa mashamba kando ya mto ulikuwa miongoni mwa sababu, maana ukingo wenye hati ni mlango uliofungwa mbele ya ng'ombe mwenye kiu.

Aliyemjibu Hardin vizuri kuliko wote ni Elinor Ostrom, Mmarekani, katika kitabu chake Governing the Commons cha mwaka wa 1990. Hakubishana kwa mifano ya kufikirika. Alichunguza wavuvi wa Uturuki, wafugaji wa milima ya Uswisi na wakulima wa mifereji ya Hispania, akaona kwamba mali ya pamoja yaweza kudumu karne nyingi iwapo watumiaji wake wanajulikana, wanajitungia kanuni wenyewe, wanalindana, na wanamtoza mkosaji faini ndogo kwanza. Mwaka wa 2009 alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata. Hardin naye aliandika tena mwaka wa 1994, na safari hii msiba ukawa wa mali ya pamoja isiyo na uongozi. Neno hilo moja ndilo lililokosekana mwaka wa 1968, lakini makala yanayosomeshwa ni ya kwanza.

Hata hivyo sitaki uondoke na picha ya wazee wasioshindwa. Kisima kirefu kikichimbwa katikati ya malisho ya mvua, ng'ombe hawana haja tena ya kurudi mtoni, hukaa pale mwaka mzima, na nyasi za kando ya kisima hukanyagwa zikaisha. Hapo kisa cha Hardin chakaribia ukweli. Tena Ostrom mwenyewe alisema zaidi juu ya vijiji kuliko juu ya mito mirefu. Mabwawa ya umeme ya Masinga, lililomalizwa mwaka wa 1981, na Kiambere baada yake, yameyabadilisha mafuriko ambayo kwayo msitu wa Tana huota upya na Mpokomo hupanda shamba lake. Mzee wa Bura aweza kumzuia mchungaji kwenye malka. Lango la Masinga hufunguliwa na watu asiowajua, mamia ya kilomita kutoka barazani kwake, na hakuna baraza lililokwisha kuwakalisha pamoja.