Makengeza Yamenyooka, Kutapika Je?

Mtoto wa Manyatta, Embu, akifanyiwa upasuaji wa makengeza, jicho hunyooka, kisha kutapika kunaanza. Asipokingwa, uwezekano wa kutapika ndani ya saa 24 huweza kupita nusu. Nyumbani watalaumu uji. Uji hauna kosa.

Chanzo kinachodhaniwa kuwa kikubwa ni mkono wa daktari. Misuli ya jicho ikivutwa, neva hupeleka habari kwenye ubongo, na moyo hupunguza mapigo. Aschner na Dagnini walilieleza jambo hili mwaka 1908. Inashukiwa kwamba njia hiyohiyo huchokoza pia kituo cha kutapika.

Mwaka 2004 Eberhart na wenzake nchini Ujerumani walitoa kipimo chepesi chenye maswali manne: je, upasuaji unafika dakika 30? Mtoto ametimiza miaka mitatu? Upasuaji ni wa makengeza? Yeye, mzazi au ndugu yake amewahi kutapika baada ya nusukaputi? Majibu yote yakiwa ndiyo, hatari ni takriban asilimia 70. Swali la mwisho ndilo husahaulika, na mama ndiye mwenye jibu.

Kinga huanzia kwenye meza ya upasuaji. Mtoto wa kilo 20 hupewa deksamethasoni miligramu 3 mara tu anapolala, kwa kuwa hukawia kufanya kazi, na ondansetroni miligramu 2 upasuaji ukikaribia kwisha. Dawa hizi mbili pamoja hushinda moja pekee. Ganzi ikidungwa kando ya jicho kabla misuli haijaguswa, ujumbe ule hukatika njiani, na maumivu yaliyobaki hutulizwa kwa parasetamoli badala ya mofini.

Dawa ya usingizi ya ketamini ni mjadala mwingine. Ni tegemeo la hospitali zenye vifaa vichache kwa sababu haizimi pumzi kirahisi, lakini huleta kichefuchefu. Propofoli, dawa nyingine ya usingizi, hupunguza kutapika, ila moyo huweza kupungua kasi zaidi misuli inapovutwa, basi atropini iwe tayari kwenye sindano. Mimi ningechagua propofoli pale tu penye mtaalamu wa kuutazama moyo huo bila kubanduka.

Akiamka, asilazimishwe kunywa ndipo aruhusiwe kwenda. Kumlazimisha huongeza kutapika. Anayetoka hospitalini Kikuyu kurudi Embu ana zaidi ya kilomita 100 za matatu mbele yake, na wengine hutapika wakiwa wameshaondoka wodini. Familia iulize mapema kuhusu kidonge cha ondansetroni cha kuyeyukia mdomoni, au kitanda cha usiku mmoja.