Mtunza Tovuti na Ufundi Wake

Webmasta ni mtu mwenye dhamana ya tovuti nzima. Anaiweka hewani, anapanga kurasa zake, anairekebisha, na ndiye anayetafutwa inapokwama. Kazi hii ilizaliwa pamoja na Wavuti wenyewe, na kwa takriban miaka kumi ya mwanzo iliweza kushikwa na mtu mmoja. Kisha ikagawanywa vipande, kila kipande kikapata jina lake na watu wake, hadi cheo chenyewe kikawa nadra katika kampuni kubwa. Majukumu yaligawika vizuri. Dhamana haikugawika, na hapo ndipo penye uzito wa habari yote ya ufundi huu.

Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, aliwasilisha pendekezo lake la kwanza la Wavuti Machi 1989. Kufikia mwisho wa 1990 alikuwa na seva na kivinjari vinavyofanya kazi. Seva ile ilikuwa kompyuta yake mwenyewe ya mezani, aina ya NeXT, na kwa kuwa mpita njia yeyote ofisini angeweza kuizima bila kujua kinachoendelea ndani yake, aliibandika karatasi yenye maandishi ya wino mwekundu: mashine hii ni seva, isizimwe. Hapo kazi ya webmasta ilikuwa imekwisha kuanza. Kulikuwa na kitu ambacho watu wa mbali walikitegemea, na mtu mmoja aliyejitwika kukilinda.

Mwaka 1992, katika mwongozo aliowaandikia waliokuwa wakianzisha seva zao, Berners-Lee alishauri kila seva iwe na anwani ya barua pepe inayoanza na webmaster, kwa kufuata desturi ya postmaster iliyokuwapo tayari kwenye barua pepe. Mei 1997 desturi hiyo iliandikwa rasmi katika waraka wa RFC 2142. Kwa macho ni jambo dogo, lakini lilibeba adabu kubwa. Msomaji wa Dodoma au wa Lima hakuhitaji kumjua mtu kwa jina wala cheo. Akikuta ukurasa umeharibika, aliandika kwa anwani anayoweza kuikisia, na upande wa pili palikuwa na mtu wa kumjibu.

Seva ya kwanza Amerika ya Kaskazini iliwashwa Desemba 1991 katika maabara ya SLAC ya Chuo Kikuu cha Stanford, California. Mwanafizikia Paul Kunz ndiye aliyerudi kutoka CERN na habari za Wavuti, lakini aliyeona mapema utafaa kwa kazi gani alikuwa mkutubi wa maabara, Louise Addis. Maktaba yake ilikuwa na SPIRES, hazina ya taarifa za makala za fizikia ambayo wanasayansi wa nchi nyingi waliihitaji, ila amri za kuitumia ziliwashinda wengi. Wavuti uliwafungulia mlango. Jambo hili husahaulika: nusu ya ufundi wa webmasta ilitoka maktaba. Kitu kiitweje, kiwekwe wapi, na atakayekuja miaka ishirini baadaye atakipataje, hayo ni maswali ya mkutubi, na webmasta hodari hajaacha kujiuliza.

Aprili 1993 CERN iliutoa Wavuti kwa umma bila malipo. Mwaka huo huo kivinjari cha Mosaic, kutoka kituo cha NCSA huko Illinois, kiliweka picha na maandishi kwenye ukurasa mmoja. Vyuo, magazeti na kampuni zikaanza kutaka tovuti, na kila palipotakiwa tovuti alitafutwa mtu wa kuishika. Mara nyingi alikuwa mwanafunzi, karani au fundi wa mitambo aliyejifunza mwenyewe. Aliandika HTML, lugha ya kuundia kurasa, kwa mkono, akapunguza ukubwa wa picha, akapakia mafaili kwenye seva, akatunga programu fupi za Perl za kupokea fomu, akapanga ruhusa za mafaili, akajibu barua. Alikuwa kama mwenye duka la mtaani: ndiye afunguaye, ndiye afagiaye, ndiye apimaye sukari, na ndiye anayejua nani ana deni.

Mwalimu wake mkuu alikuwa kumbukumbu za seva. Kila ombi linaloifikia seva huacha mstari mmoja: anwani ya kompyuta iliyoomba, saa, faili lililotakiwa, na namba ya jibu. Namba 200 ni kwamba kitu kimepatikana, 404 hakikuonekana, 500 seva yenyewe imeshindwa. Kwa mgeni ni tarakimu tupu; fundi aliyezoea alisoma humo habari tele. Akiona 404 nyingi za anwani moja iliyokosewa herufi, alijua kuna mahali mtu amechapisha kiungo vibaya. Kumbukumbu zilimwonyesha pia ukurasa ambao wasomaji walitokea, basi alimwandikia webmasta mwenzake wa huko kumwomba arekebishe. Huku akisubiri jibu, aliielekeza anwani ile iliyokosewa kwenye ukurasa sahihi, ili kosa la mwandishi wa mbali lisimwadhibu msomaji. Hakuna mkataba uliomtaka afanye hivyo. Alifanya kwa sababu tovuti ilikuwa yake kwa maana halisi ya neno hilo, ijapokuwa mali ilikuwa ya mwajiri.

Udugu huo kati ya webmasta na webmasta ulizaa tunda lake kubwa kuliko yote mwaka 1995. Programu ya seva iliyotumiwa zaidi wakati huo ilikuwa NCSA HTTPd, kazi ya Rob McCool. McCool alipoondoka NCSA katikati ya 1994, programu ilibaki bila mlezi, na wenye tovuti wakawa wanaziba nyufa kila mmoja kivyake. Mwanzoni mwa 1995 wanane kati yao walianza kukusanya marekebisho yao pamoja, wakiwasiliana kwa barua pepe. Brian Behlendorf, aliyekuwa akishughulikia seva za jarida la mtandaoni la HotWired huko San Francisco, na Cliff Skolnick waliandaa kompyuta ya kukutania. Miongoni mwao alikuwamo Roy Fielding, ambaye jina lake limo pia kwenye waraka wa itifaki ya HTTP. Kazi yao iliitwa Apache. Toleo lake la kwanza la umma lilitoka Aprili 1995, na toleo 1.0 likafuata Desemba 1 mwaka huo. Muda si mrefu ikawa seva inayotumiwa na tovuti nyingi kuliko nyingine yoyote, na ikaishika nafasi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Walioiunda walikuwa na seva za kutunza kesho asubuhi, na hawakuona sababu ya mwenzao kuhangaika na kosa ambalo wao walikwisha kulitatua. Katika historia ya ufundi wa kompyuta ni vigumu kupata ukarimu uliofika mbali kuliko huu.

Webmasta wa zama hizo alikuwa pia na ubahili wenye huruma. Modemu ya kilobiti 28.8 kwa sekunde ilihitaji kama sekunde nane kuleta ukurasa wa kilobaiti 30. Ukurasa wa kilobaiti 300 ulichukua karibu dakika moja na nusu. Afrika Mashariki iliishi na hesabu hiyo muda mrefu kuliko Ulaya. Hadi mikongo ya baharini ilipofika mwaka 2009, ule wa SEACOM ukiwashwa Julai na kutua Mombasa na Dar es Salaam, eneo hili lilitegemea zaidi setilaiti, njia ghali na ya polepole, na aliyeketi intaneti kafe Mwanza au Kisumu alilipia kila dakika. Kila picha isiyo ya lazima ilikuwa fedha inayomtoka mfukoni. Fundi aliyepunguza rangi za picha kutoka 256 hadi 16, kisha akaandika maelezo yake kwa maneno ili ukurasa usomeke hata picha isipofika, alimfanyia hisani mtu asiyemjua. Maelezo hayo hayo ndiyo ambayo kompyuta humsomea kwa sauti asiyeona, na mwaka 1999 muungano wa W3C, unaosimamia viwango vya Wavuti, uliyatia kwenye mwongozo wake wa kwanza wa kuwafikia watu wenye ulemavu. Leo vifurushi vya data vinavyokwisha kabla ya wiki kuisha vimeirudisha haja ya ubahili ule, ingawa kurasa nyingi zimenenepa hadi megabaiti kadhaa.

Mgawanyo wa kazi ulianza na sura. CSS, iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994 na kupitishwa na W3C Desemba 1996, ilitenga maandishi na mwonekano wake, na usanifu wa kurasa ukawa taaluma inayojitegemea. Hifadhidata zilileta waandaaji programu. Google, iliyoanzishwa 1998, ilileta wapiganiaji wa nafasi kwenye matokeo ya utafutaji. WordPress ilitoka Mei 2003, na mwandishi akaweza kuchapisha bila kumsubiri mtu. Amazon ilipoanza kukodisha seva kwa saa mwaka 2006, hata mashine ikaondoka mikononi. Google yenyewe iliyatoa majina ya zamani kidogo kidogo: zana zake za webmasta ziliitwa Search Console kuanzia Mei 2015, na Novemba 2020 kituo chake cha kuwasaidia webmasta kikawa Search Central.

Mgawanyo huu haustahili kulaaniwa. Hakuna kichwa kimoja ambacho kingeweza kubeba usalama, usanifu, hifadhidata na sheria za faragha kwa kiwango kinachotakiwa sasa, na shida nyingine za zamani zimeondoka kabisa. Cheti cha usalama kilichosahaulika kuhuishwa kiliweza kuwafungia wasomaji mlango usiku wa manane. Tangu huduma ya Let's Encrypt ianze kutoa vyeti bila malipo, mwishoni mwa 2015, programu huvihuisha yenyewe.

Hasara imeonekana kwenye anwani. Mwaka 1998 Berners-Lee aliandika makala akisisitiza kwamba anwani iliyotungwa vizuri haina haja ya kubadilika, na kwamba sababu nyingi zinazotolewa za kuibadilisha ni uzembe wa kupanga. Mei 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitangaza kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Kampuni kufa na seva kuzimwa ni sehemu tu ya maelezo. Kurasa nyingine hufa tovuti inapohuishwa: msanifu amefanya kazi yake vyema, mwandaaji programu vivyo hivyo, mwandishi amepanga upya makala zake, na katika wote hao hakuna aliyepewa kazi ya kuuliza anwani za zamani zimekwenda wapi. Viungo vilivyonukuliwa kwenye tasnifu, hukumu za mahakama na vitabu huishia 404, na msomaji hudhani kosa ni lake.

Webmasta anayejua kazi huhamisha tovuti kwa namna nyingine. Kabla ya kugusa chochote hutoa kwenye kumbukumbu za seva orodha ya anwani zote zilizowahi kuombwa, pamoja na zile zisizoonekana tena kwenye menyu. Kila moja huitafutia makao yake mapya na kuiandikia kanuni ya 301, jibu linaloiambia kompyuta kwamba ukurasa umehama kabisa, na kuionyesha mahali ulipo sasa. Ukurasa uliofutwa kwa makusudi hupewa 410, kuwa umeondolewa, ili asiyeukuta ajue kwamba hajapotea njia. Kisha, wengine wakiwa wamekwisha kusherehekea uzinduzi, yeye hukaa na kumbukumbu zake kwa miezi, akiokota 404 moja baada ya nyingine. Ni kazi ya kuchosha. Pia ni sehemu ya ufundi huu inayostahili heshima kubwa kuliko zote, kwa kuwa inamtumikia msomaji wa jana, ambaye hana sauti katika kikao chochote cha mradi.

Mtu wa namna hiyo bado yupo, hasa kwenye taasisi ndogo. Katika shule, dayosisi, magazeti ya mkoa na halmashauri, mara nyingi ndiye afisa TEHAMA anayeshughulikia pia printa na mtandao wa ofisi. Ndiye anayehuisha programu kabla wavamizi hawajaupata ufa wake. Ndiye anayehifadhi nakala rudufu nje ya seva na, akiwa makini kweli, huzijaribu mara kwa mara kwa kuirudisha tovuti nzima kwenye mashine nyingine, maana nakala isiyojaribiwa haina uhakika wowote.

Juu ya hayo ameongezewa jukumu jipya, nalo limejengwa juu ya faili la zamani. Mwaka 1994 Martijn Koster, webmasta aliyechoshwa na roboti za kukusanya kurasa zilizokuwa zikizielemea seva, alipendekeza kila tovuti iweke faili fupi la robots.txt likizieleza roboti ziingie wapi na wapi zisiingie. Utaratibu huo uliheshimiwa kwa hiari kwa miaka 28 kabla ya kuandikwa rasmi katika RFC 9309, Septemba 2022, na hata waraka huo unasema wazi kwamba kanuni hizo si kufuli. Agosti 2023 kampuni ya akili bandia ya OpenAI ilitangaza roboti yake ya GPTBot, inayokusanya maandishi ya kufundishia mashine, na jinsi ya kuizuia kwa faili hilo, na tangu hapo mistari michache ya maandishi imekuwa na uzito ambao Koster hakuukusudia. Taasisi yenye makala za Kiswahili za miaka mingi inapaswa kuamua kama mashine zitajifunza lugha kutoka kwake, au kama jasho la waandishi wake lichukuliwe kwa idhini na malipo tu. Wahariri na wanasheria wana neno lao katika uamuzi huo. Faili lenyewe huandikwa na webmasta, na kesho yake ndiye anayesoma kumbukumbu za seva kuona roboti gani imetii, na isiyotii huifungia njia kwenye seva.