Kinachotangulia na Kinachofuata

Katika mwongozo wa masomo wa chuo kikuu, kila kozi ya hisabati ina mstari mmoja mfupi unaotaja kozi tangulizi. Kalkulasi ya kwanza hutangulia ya pili. Ya pili, ikisaidiana na aljebra ya mstari, hutangulia milinganyo tofautishi. Na zote hutangulia uchambuzi wa namba halisi, kozi inayowatoa wanafunzi jasho mwaka wa pili au wa tatu. Wengi huusoma mstari huo kama sharti la msajili: hujafaulu hii, huruhusiwi ile. Ni wachache wanaokumbuka kwamba hayo ni masalio ya ufundi uliochukua zaidi ya karne moja kukomaa, ufundi wa kuamua mtu afundishwe nini kwanza ili kingine kimwingie akilini bila kumezeshwa. Ufundi huo hauna jina wala hautunukiwi shahada, na kwa jinsi vyuo vinavyokwenda siku hizi, unatutoka mikononi huku tukitazama.

Mtu anaweza kudhani mpangilio huo ulijileta wenyewe, ama kwa kufuata historia, ama kwa kufuata mantiki. Haukufuata hata kimoja. Kihistoria, maeneo ndiyo yaliyotangulia: Archimedes alikokotoa eneo lililofungwa na parabola karne ya 3 kabla ya Kristo, wakati hesabu ya viwango vya mabadiliko ilisubiri karne ya 17, enzi ya Newton na Leibniz. Maana sahihi ya kikomo ikasubiri tena, hadi Cauchy alipowaandikia wanafunzi wa École Polytechnique kitabu chake cha mwaka 1821, na Weierstrass akaja kuikaza zaidi katika mihadhara yake ya Berlin. Mwanafunzi wa leo huanza na kikomo, akaenda kwenye kiwango cha mabadiliko, akamalizia na maeneo, yaani kinyumenyume. Na mantiki je? Mantiki tupu ingetuanzisha na seti, tukajenga namba kutokana na seti, na kuzidisha kungengoja zamu yake. Hilo Afrika Mashariki tulilionja. Mwaka 1962 wanahisabati na walimu kutoka Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, wakaanza kuandika vitabu vya ile iliyoitwa hisabati ya kisasa, vilivyotanguliza seti mbele ya mengi. Vilikuwa vitabu vya watu makini, na kimantiki vilisimama; lakini mtoto hajengwi kwa mantiki peke yake, na baada ya miaka kadhaa nchi zetu ziliviweka kando.

Mpangilio tulio nao ni wa aina ya tatu, na waliouweka ni walimu. Leonhard Euler alitoa mwaka 1748 kitabu cha utangulizi kilichojaa fanksheni na mifululizo, kikiwa hakina kalkulasi ndani yake. Kalkulasi ya mabadiliko ilifuata mwaka 1755, na ya maeneo kati ya 1768 na 1770. Katika dibaji ya kile cha kwanza alilalamika kwamba wanafunzi wengi hukwama kwenye hisabati ya juu kwa sababu wameiendea wakiwa na aljebra haba. Mhadhiri yeyote wa mwaka wa kwanza angeweza kuliandika lalamiko hilo leo asubuhi. Tofauti ni kwamba Euler hakuishia kulalamika. Aliandika mabuku mawili mazima ya kuziba pengo kabla hajaruhusu mtu avuke.

Ubora wa ufundi huu huonekana katika hatua ndogo, kwa hiyo tuitazame moja kwa utulivu. Sekondari mwanafunzi hufundishwa kwamba kipeuo cha pili kisiachwe kwenye asili ya sehemu. Akikuta 1/(√5 − √3), huzidisha kiasi na asili kwa √5 + √3, asili ikageuka 2, na hesabu ikatakata. Wengi hulikariri jambo hili kama adabu ya kuandika, kama vile kupiga mstari chini ya jibu. Sasa anafika chuoni, wiki za mwanzo za kalkulasi. Fundi aliye ubaoni haanzi na kipeuo. Anaanza na x², kwa sababu hapo ongezeko h hujitokeza lenyewe: (x + h)² − x² ni 2xh + h², gawanya kwa h, zimebaki 2x + h. Kisha analeta 1/x, ambayo haikubali mpaka mwanafunzi akumbuke kutoa sehemu zenye asili tofauti. Ndipo anapoandika (√(x + h) − √x)/h na kunyamaza. Ukiiweka h kuwa sifuri unapata sifuri juu ya sifuri, na hakuna sehemu za kujumlisha wala mabano ya kufungua. Njia ya kutokea ni kuzidisha juu na chini kwa √(x + h) + √x. Kiasi kinakuwa h, kinafutana na h ya chini, na kinachobaki ni 1/(√(x + h) + √x), ambayo h ikinywea hutulia kwenye 1/(2√x). Vipeuo vimeondolewa juu vikashushwa kwenye asili, kinyume kabisa cha sheria ya sekondari! Aliyekariri sheria anaona mhadhiri amekosea. Aliyeelewa kwamba pale hapakuwa na sheria, palikuwa na kuzidisha kwa moja na ile tofauti ya miraba ya siku zote, anatambua kwamba kifaa ni kilekile, kimegeuzwa upande. Mifano mitatu, na kila mmoja umekwenda kumwamsha mshirika wake aliyelala sekondari. Ukiibadilisha zamu yake, jibu halibadiliki. Kinachoharibika ni somo.

Mshikamano huo huendelea kwenda mbele. Katika kalkulasi mwanafunzi hujifunza kwamba kiwango cha mabadiliko cha jumla ni jumla ya viwango, na hulipita jambo hilo kwa dharau kwa kuwa ni rahisi mno. Aljebra ya mstari inapomfundisha vekta na nafasi zake, jambo lile la kudharauliwa linarudi na cheo kingine. Halafu katika milinganyo tofautishi anaambiwa kwamba kila suluhisho la y″ = −y ni mchanganyiko wa sine na cosine, na hapo, kama kozi zimefundishwa na watu wanaojua wenzao walifundisha nini, anaona kwamba suluhisho zote za mlinganyo ule ni nafasi yenye vipimo viwili, sawa na karatasi aliyokuwa akichorea vekta.

Lililo gumu zaidi katika ufundi huu ni kujua swali gani liahirishwe. Mwanafunzi mwerevu, akitazama ile h iliyogawanywa kana kwamba si sifuri kisha ikafutwa kana kwamba ni sifuri, huuliza kama huo si ujanja. Askofu George Berkeley aliuliza vivyo hivyo mwaka 1734, kwa ukali wa kutosha, na wanahisabati walikaa miaka mingi bila jibu la kuridhisha. Mwaka 1858 Richard Dedekind, akifundisha kalkulasi Zürich, aliona aibu kutegemea michoro pale alipohitaji hoja, akatafuta maana ya namba halisi isiyotegemea jicho. Alichapisha alichokipata mwaka 1872, na leo kimo katika kozi za uchambuzi. Jibu la swali la Berkeley lipo, basi, ila liko mwaka wa pili au wa tatu. Mwalimu asiye fundi humwambia muulizaji anyamaze akariri kanuni. Fundi humwambia swali ni zuri, humtajia kozi litakapojibiwa, na hufundisha kikomo kwa namna ambayo jibu likija halitamlazimisha kufuta aliyojifunza.

Wapo wanaosema haya yote yamepitwa na wakati, kwa kuwa programu za kompyuta hukokotoa intigrali nyingi kufumba na kufumbua. Ni kweli, na hakuna haja ya kuzionea wivu. Lakini mpe mtu aliyekaririshwa kanuni 1/x² aitafutie eneo kutoka −1 hadi 1: atapata −2, eneo hasi chini ya mchirizi usioshuka chini ya mhimili hata mara moja. Programu nzuri itamwonya. Kuelewa onyo lenyewe kunahitaji mtu aliyepitia kikomo na mwendelezo, akajua kwamba kwenye sifuri pana shimo. Wengine husema takwimu zina faida zaidi kuliko kalkulasi. Huenda, kwa wanafunzi wengi. Hata hivyo majedwali ya mgawanyo wa kawaida wanayoyatumia ni maeneo chini ya mchirizi, njia ya miraba midogo ni aljebra ya mstari tupu, na hizo mashine zinazojifunza, ambazo kila mkuu wa idara anataka kuzianzishia shahada, hufunzwa kwa viwango vya mabadiliko na matriki. Pingamizi lenye uzito ni jingine: kwamba ngazi hii imegeuzwa chekecheo la kuwatupa watu nje. Hilo halikataliki. Wapo walioonja sapu ya kalkulasi wakaiacha sayansi moja kwa moja. Ila ukichunguza wanapoangukia, mara nyingi si ndani ya kozi, ni kati ya kozi na kozi.

Mkeka husukwa kwa ukili mrefu, ukili ukashonwa upande kwa upande, na ukianza kuachia huachia kwenye mshono, ukili wenyewe ukiwa mzima. Ndivyo zilivyo kozi zetu. Kila moja ina mtihani wake, na mtihani ukipita madesa hutupwa. Muhula ni wiki chache, ukumbi umejaa, na slaidi za projekta huonyesha uthibitisho uliokwisha kamilika, bila kile kimya kilichokuwa kikitangulia kuzidisha kwa √(x + h) + √x. Semina, ambako fundi angegundua nani hajui kutoa sehemu, zimekuwa mahali pa kusahihisha mazoezi harakaharaka. Kenya ilipoingia mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985 na hatimaye kuagana na kidato cha tano na cha sita, kazi ya miaka miwili ya kushona ilihamia chuoni. Tanzania ilibaki na vidato hivyo, lakini aliyesoma hisabati ya juu na aliyesoma ile ya msingi ya matumizi si watu wa kuanzia hatua moja, hata wakipewa ratiba moja.

Mitaala hupitiwa upya mara kwa mara, na kila kozi hujadiliwa peke yake: malengo, saa, vitabu, mgawanyo wa alama. Kozi tangulizi huandikwa kwa namba yake ya utambulisho na kikao kinasonga. Ni kipengele gani hasa cha kozi ile kinachohitajika katika hii, wiki ya ngapi, na kwa mfano upi, fomu haiulizi. Hayo yamo katika daftari la mhadhiri mmoja mmoja, limeandikwa kwa mkono na kusahihishwa kila mwaka pembeni, na mhadhiri huyo akistaafu, kozi yake hupewa yeyote mwenye nafasi kwenye ratiba, pamoja na slaidi.