Kihisi cha umbali: anza na ukuta, si na tarakimu ya dukani

Kwenye mashindano ya Micromouse, roboti ndogo huachiwa ndani ya mzingile wenye vyumba 16 kwa 16 ikatafute njia yenyewe. Kila chumba kina sentimita 18 kwa 18, na ukuta una unene wa milimita 12. Ukiondoa unene huo, njia inabaki na upana wa milimita 168. Roboti yenye upana wa sentimita 8 ikipita katikati, kila ubavu unabakiwa na milimita 44 tu. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua kihisi gani kinafaa, na hufanywa kabla ya kwenda dukani.

Nalisisitiza hilo kwa sababu wengi wanaoanza kuunda roboti nyumbani huchagua kihisi kwa tarakimu kubwa kuliko zote. Cha sentimita 80 kinaonekana bora kuliko cha sentimita 30, na cha mita 2 ndiyo kabisa. Lakini roboti ndogo hugonga vitu vya karibu, na huko karibu ndiko vihisi hivi vinakotofautiana zaidi.

Chukua Sharp GP2Y0A21, ambacho wanaoanza wengi hukutana nacho mapema. Kina macho mawili: moja linatoa mwali wa infraredi, la pili linaupokea ukirudi na kuangalia umetua wapi. Kitu kikiwa karibu, mwali unarudi kwa pembe kubwa. Kikiwa mbali, pembe inapungua. Ni hesabu ya pembetatu ile ile ya darasani. Uzuri wake ni kwamba rangi ya kitu haikisumbui sana, maana kinapima mahali mwanga ulipotua, si wingi wake.

Kiunganishe na mita ya volti, laza rula mezani, kisha sogeza kadibodi nyeupe taratibu kuanzia sentimita 80. Mita itaonyesha takriban volti 0.4. Itapanda polepole, halafu haraka, na ikifika sentimita 10 itakuwa imepita volti 2. Usiishie hapo, endelea kusogeza. Kwenye sentimita 6 au 7 hivi volti inafika kileleni, na ukizidi kukaribia inaanza kushuka. Kwa hiyo volti ile ile ina maana mbili, na programu haina njia ya kujua ipi ni ya kweli. Roboti iliyokaribia kugusa ukuta inadhani ina nafasi, na inakanyaga mafuta. Hiyo si hitilafu; maelezo ya kihisi yanasema wazi kwamba kipimo kinaanzia sentimita 10. Dawa yake ni kukirudisha kihisi nyuma ndani ya bodi ya roboti, ili hata pua ikigusa ukuta, jicho libaki umbali wa sentimita 10. Kama bodi ni fupi, chukua ndugu yake, GP2Y0A41, anayepima kuanzia sentimita 4 hadi 30.

Kuna pia suala la mwendo. GP2Y0A21 hutoa kipimo kipya kila baada ya milisekunde 38 hivi. Roboti inayokwenda mita 1 kwa sekunde husogea karibu sentimita 4 kati ya kipimo na kipimo, yaani zaidi ya moja ya tano ya chumba cha mzingile. Ndiyo maana waundaji wengi wa Micromouse hutumia taa ndogo ya infraredi na transista inayohisi mwanga, vitu viwili rahisi. Wanasoma mwanga wa chumba taa ikiwa imezimwa, wanaiwasha kwa kitambo kifupi mno, wanasoma tena, kisha wanatoa cha kwanza kwenye cha pili. Kinachobaki ni mwanga uliorudishwa na ukuta. Kazi hiyo inaweza kurudiwa mara 1,000 kwa sekunde. Inawezekana kwa sababu kanuni zinataka pande za kuta ziwe nyeupe. Ihamishie njia hiyo sebuleni na kiatu cheusi kitaonekana kiko mbali kuliko kilivyo.

Kwa sebule ningechukua VL53L0X ya STMicroelectronics, inayopima muda ambao mwanga wa leza unatumia kwenda na kurudi. Mwanga husafiri kama sentimita 30 katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, na chombo kinachohesabu hayo hakifiki milimita 5 kwa urefu. Kwa kweli ni kazi ya kustaajabisha. Kitu cheusi hupunguza umbali ambao chombo kinaufikia, lakini hakipotoshi kipimo kama kwenye njia ya kupima wingi wa mwanga.

Nayo ina masharti yake. Inatazama kwa upana wa nyuzi 25, kwa hiyo ukiifunga sentimita 3 kutoka sakafuni, itaanza kuiona sakafu kwenye sentimita 13 hivi mbele na kuidhania ukuta. Iinue kidogo uso wake. Bandua ile karatasi laini ya kukinga jicho iwapo imekuja nayo. Ukitaka mbili kwenye roboti moja, kumbuka zote huamka na anwani ile ile, 0x29. Tumia pini ya XSHUT kuizima moja wakati unampa mwenzake anwani mpya. Jua kali la nje hupunguza sana umbali wake.

Mlango wa kioo ni habari nyingine. Mwanga mwingi hupenya na kwenda zake, kwa hiyo fungeni swichi ya kugusa mbele ya roboti, hata kama mmenunua kihisi cha bei kubwa. Na kabla ya kununua chochote, pimeni kwa rula nafasi ndogo kabisa ambayo roboti yenu itapita. Muuzaji aulizwe kwanza kihisi kinaanzia sentimita ngapi, ndipo aulizwe kinaishia wapi.