Kali ni Neno Dogo

Wakenya tukihakiki pombe tuna neno moja tu: kali. Jini ya bei ya chini ni kali. Busaa iliyolala siku moja zaidi ni kali. Chang'aa, hiyo hata haihitaji kuelezwa. Ukimuuliza mtu kinywaji fulani kiko aje, atakuambia, "Hiyo ni kali, manze. Mbili tu, umezima." Hapo uhakiki umekwisha. Hatujaambiwa kama ni chungu ama tamu, kama kina harufu ya nafaka ama ya rangi ya nyumba. Tumeambiwa tu ni haraka kiasi gani tutasahau kodi ya mwisho wa mwezi.

Nasema haya kwa sababu ya chupa moja ya Bigfoot, bia ambayo kampuni ya Sierra Nevada ya California imekuwa ikipika tangu 1983. Ina alkoholi asilimia 9.6. Tusker ina 4.2. Piga hesabu pole pole: kachupa haka ka mililita 355 kana alkoholi kushinda Tusker moja na nusu za nusu lita. Kwa kipimo chetu cha kawaida, basi, ni kali na mjadala umefungwa. Lakini nimeinywa, na neno hilo limekataa kuitosha.

Bia za aina hii huitwa barleywine, yaani mvinyo wa shayiri, ingawa hakuna zabibu hata moja ndani. Kazi yenyewe si siri. Shayiri hulowekwa, huachwa ichipue, kisha hukaushwa kwa moto. Hicho ndicho kimea. Ukikoroga kimea na maji moto, wanga hugeuka sukari, na hamira ikiila ile sukari hutoa alkoholi. Bia ya kawaida hutaka kimea kiasi na maji mengi. Mvinyo wa shayiri hutaka kimea kingi, na mara nyingi huchukua ule mchuzi wa kwanza tu, ule mzito, kabla nafaka haijasuuzwa tena. Halafu unachemshwa sana na kuachwa ukae, miezi ama hata miaka. Uingereza, kampuni ya Bass ya mji wa Burton ilikuwa ikiuza bia kwa jina hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ni kinywaji cha msimu wa baridi, glasi ndogo, kiti karibu na moto. Mtu wa Molo haelezwi hiyo baridi ni gani.

Nilitaka kuionja na mtu anayeijua shayiri, kwa hivyo nilimwalika mjomba wangu. Yeye hulima Mau Narok, juu kule zaidi ya mita 2,500, mahali ambapo asubuhi ya Julai unaona pumzi yako ikitoka. Mau Narok, Molo, Njoro: shayiri ya miinuko hii ndiyo huenda kuwa kimea cha viwanda vya bia. Mjomba amepanda na kuuza kwa miaka. Anajua bei ya gunia, anajua unyevu ukizidi mzigo unarudishwa. Bia yake ni White Cap, na haijawahi kuingia friji.

Hilo la friji lina maana. Ingia baa yoyote Nakuru, kabla hujakaa vizuri utaulizwa, "Baridi ama moto?" Moto hapa ni chupa iliyotoka tu kwa rafu. Vijana huwacheka wazee wa moto, lakini kwa bia ya aina hii wazee ndio wako sawa. Baridi kali huua harufu na kufunga ulimi. Tuliinywa moto, kwa maana ya Nakuru, katika glasi za chai.

Rangi yake ni ya chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, yenye wekundu ukiishika kwa mwanga. Povu ni zito, lina rangi ya maziwa ya mala yaliyoguswa na chai. Harufu ya kwanza ni ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu: ganda la chungwa, kisha msonobari uliokatwa leo asubuhi. Fundo la kwanza ni uchungu mtupu, nusura muarubaini. Baada yake ndipo unakuja utamu: sukari nguru, ukingo wa mkate ulioungua kidogo, zabibu kavu. Ukishameza, joto linabaki kifuani, halichomi koo. Hapo ndipo bia hii inaachana na jini ya mfukoni, ambayo huchoma njiani na ikifika haina habari.

Mjomba alikunja uso. "Hii si bia, kijana. Hii ni dawa ya kikohozi."

Nikamwambia asikimbie. Aliiacha mezani, tukaongea mambo ya mbolea na barabara, na labda dakika 20 zikapita. Akarudi kwayo. Akanusa kwanza, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya na chupa ya White Cap.

"Wee, naisikia sasa. Ni ile harufu ya stoo, magunia yakiwa bado na joto la jua." Akanywa kidogo tena. "Miaka yote nimeuza shayiri, na leo ndio nimejua iko na ladha gani."

Sikucheka. Kuna kitu hakiko sawa mkulima akifikisha umri wa mjomba akijua nafaka yake kwa kilo pekee. Laga zetu ni nyepesi kwa makusudi, zimeundwa ziteremke zikiwa baridi, na kwa kazi hiyo sina ugomvi nazo. Lakini shayiri ndani yake huwa imenong'ona tu.

Sasa lawama. Bigfoot ikiwa changa, hopsi zake zinapiga kelele. Wamarekani wanapenda uchungu ule, na hapa wameuweka hadi kimea kinaongea kama mgeni kwenye harusi yake. Kufikia nusu ya glasi, utamu nao unaanza kunata kwa meno. Na mililita 355 ni nyingi mno kwa mtu mmoja. Chupa ya kipimo hicho inakudanganya kwamba ni ya peke yako, na ukiimaliza kwa mwendo wa laga, utagundua ukijaribu kusimama.

Msidhani pia kwamba kinywaji kizito cha kunywa pole pole kililetwa kwa ndege. Wagikuyu wana muratina: asali ama maji ya miwa, na lile tunda refu la mti wa muratina lililokaushwa ndilo hubeba hamira. Wakalenjin wana pombe zao za asali, na ile ya nafaka iliyonyweka chunguni kwa mirija mirefu, wazee wameketi duara. Vinywaji hivyo vilikuwa na mlango: umri, siku, sababu, na watu wa kukutazama. Mlango huo ulifungia nje wanawake na vijana, na wazee wengine walilewa vilevile, kwa hivyo siombi turudi huko. Nasema tu kwamba hakuna aliyeuliza muratina ya mahari itakuzima baada ya vikombe vingapi. Waliuliza imeiva?

Swali hilo tulilipoteza, na si kwa utani. Novemba 2000, kumi kumi yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100 Nairobi, wengi wao Mukuru kwa Njenga, na wengine wakapofuka. Mwaka 2010 tukapata sheria ambayo wengi bado wanaiita ya Mututho, kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, hapa hapa kaunti yetu. Iliruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni, na ikaweka saa za baa. Ilikuwa na nia njema. Lakini haiwezi kumfundisha mtu kuuliza kilicho ndani ya glasi, kama yeye anatafuta tu kali ya bei anayoimudu.

Na serikali yenyewe huhesabu kali. Tangu mwisho wa 2024, ushuru unatozwa kwa kila sentilita ya alkoholi halisi: shilingi 22.50 kwa bia ya viwanda vikubwa na ya kuagizwa nje, shilingi 10 kwa pombe kali. Bigfoot moja ina takriban sentilita 3.4, kwa hivyo ushuru huo ni kama shilingi 77. Chupa ya robo lita ya jini ya asilimia 40 ina sentilita 10, karibu mara tatu, na inalipa 100. Kwa maneno mengine, kinywaji kinachokulazimisha uende pole pole kinatozwa zaidi ya mara mbili kwa kila tone la alkoholi kuliko kile kinachoishia kwa magoti yako. Kijana mwenye mia tatu mfukoni ameshafanya hesabu hiyo bila kalkuleta.

Uamuzi wangu: Bigfoot ni bia nzuri yenye mdomo mkubwa. Ningeipa miaka miwili kabatini uchungu upungue, kisha ningeirudia. Ila ningependa zaidi mtu wa hapa, jiji hili lililopata hadhi yake Desemba 2021, apike yake kwa kimea cha Mau Narok, apunguze hopsi, aiuze kwa glasi ndogo na aandike ubaoni shayiri ilitoka shamba la wapi. Wakulima kama mjomba wangu waje kuihakiki. Watasema ukweli, hata kama wataanza na dawa ya kikohozi.

Ukiipata kabla ya hapo: chupa moja watu watatu, baada ya kula, moto. Na gari liache nyumbani.