Kinyaa si Chukizo: Neno Ekel na Kasoro ya Kamusi

Neno la Kijerumani Ekel hufasiriwa kwa Kiingereza kuwa disgust, nasi tukadhani limekwisha kuelezwa. Sivyo. Ekel kwanza ni la mwili: koo hukaza, tumbo huchafuka. Disgust nalo lina asili ya Kilatini gustus, yaani ladha, lakini Waingereza wamelivusha mbali na kinywa hata likabeba hasira ya kimaadili. Mla rushwa huwatia disgust pasipo mtu kutapika. Tena, kwa jambo lililo baya mbele ya Mungu, Biblia ya Luther ina neno jingine, Greuel.

Kiswahili pia hutenga. Kinyaa, lenye shina moja na kinyesi, ni la mwili. Chukizo, litokanalo na chukia, ndilo lililotumiwa na Union Version ya 1952 kwa vyakula vilivyokatazwa katika Mambo ya Walawi 11. Hata hivyo, mtunga kamusi aliyezoea kupitia Kiingereza huyapanga kinyaa, karaha na chukizo chini ya disgust, na kinachoyatenga ni mkato tu.

Mkato huo hautoshi Homa Bay wala Migori. Misheni ya Waadventista Wasabato ilianzishwa Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na waumini wake wameenea kote huko. Mumi, yaani kambare, ni kitoweo kipendwacho na Wajaluo. Lakini hana magamba, kwa hiyo Mwadventista hamli. Asemaye kwamba mgeni huyo ‘ameona kinyaa’ amemtukana mpishi, na tena amesema uongo: huenda mgeni alimla mumi kwa furaha kabla ya kubatizwa. Kwake mumi ni chukizo. Wala si kwer, mwiko wa mababu ambao kuuvunja huleta chira.

Itasemwa kwamba aliyelelewa katika katazo hilo mwishowe hutapika kweli akionjeshwa mumi. Ni kweli, na hapo ndipo hoja yetu inapokamilika: chukizo limezaa kinyaa. Lugha iliyoyafanya maneno hayo kuwa kitu kimoja haiwezi kuusimulia uzazi huo. Basi kamusi zetu zilipe kila neno sentensi yake, na Ekel lipimwe kwa kinyaa moja kwa moja, bila kupitishwa Uingereza.